Pete ya Zawadi Isipomwenea: Kabla ya Kuiweka Motoni

Pete ya uchumba mara nyingi hununuliwa kwa siri, mwenye kidole hajapimwa. Siku ya kuvishwa inagoma kwenye kifundo, au inapwaya mpaka jiwe linatazama kiganjani. Sonara anaweza kuiongeza au kuipunguza, lakini kinachoamua ni jiwe kwanza, dhahabu baadaye. Kwa hiyo ukituletea pete sisi masonara, tutauliza jiwe ni la aina gani kabla ya kuuliza saizi.

Pete tupu isiyo na jiwe inaweza kuvutwa kwenye mche wa chuma ikaongezeka nusu saizi. Ukizidisha hapo, dhahabu inakonda upande wa kiganja na baadaye inakatika. Kazi ya uhakika ni kukata na kuunga: mkanda unakatwa upande wa chini kwa msumeno mwembamba, unafunguliwa, kinapachikwa kipande cha dhahabu ya karati ileile, yaani ya usafi uleule. Kwa vipimo vya Marekani, saizi moja ni takriban milimita 2.5 za mzingo. Pete yenye mkanda wa upana wa milimita 2.5 na unene wa milimita 1.5, ikiongezwa saizi mbili, inakula chini kidogo ya theluthi ya gramu ya dhahabu ya karati 18. Uliza uzito huo kabla ya kukubaliana bei. Na pete ikipunguzwa, kipande kilichokatwa ni chako, kidai.

Angalia pia mhuri wa ndani: 750 ni karati 18, 916 ni karati 22. Kipande cha karati ya chini huonekana kama kiraka baada ya miezi michache, kwa sababu shaba na fedha iliyochanganywa humo hufifia haraka. Kiungo nacho lazima kikutane sawasawa, mwanga usipenye. Lehemu haijazi pengo. Ukilazimisha, unabaki na vishimo, na hapo ndipo pete itakapokatika.

Lehemu ya dhahabu huyeyuka kwenye joto linaloweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, na dhahabu hupitisha joto upesi. Jiwe lililoko upande wa pili linalipata joto hilo karibu lote. Tanzanaiti ya Mirerani haivumilii kabisa: joto likipanda au kushuka ghafla inapasuka, na ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi hata kwa kugongwa. Lulu inaungua. Almasi inastahimili ikipakwa kwanza asidi ya boriki iliyokorogwa kwenye spiriti, maana bila kinga hiyo uso wake unapata ukungu. Yakuti, zikiwemo zile za rangi nyingi kutoka Bonde la Umba kaskazini mwa mkoa wetu wa Tanga, ni ngumu sana, na ugumu huo huwadanganya wengi. Ile boriki inayoilinda almasi ndiyo inayoula uso wa yakuti inapokuwa motoni. Rubi za bei nafuu zilizojazwa kioo kwenye nyufa ni hatari zaidi, kwani hata asidi ya kusafishia weusi wa moto inakitoa kioo hicho, nyufa zikabaki wazi.

Kwa hiyo jiwe tunalitoa. Kazi hiyo nayo ina gharama yake, kwa sababu vikucha vinavyolishika havipendi kukunjwa mara mbili. Kikucha kilicholika kinakatika, na itabidi kijengwe upya. Bei ikionekana kubwa kuliko ya kuunga tu, sababu ni hiyo.

Pete yenye mawe kuzunguka mkanda wote hatuigusi: hakuna pa kukata, na ikikunjwa mawe yanaruka. Iliyochovywa dhahabu tu itapoteza rangi motoni. Hizo ni bora kubadilisha dukani kabla hujampa mtu.

Kama bado hujanunua, pima vizuri. Uzi unavutika, tumia ukanda wa karatasi. Pima jioni, tena si mara baada ya kutoka kuogelea baharini Raskazone, kwani maji hukisinyaza kidole. Pete iliyopimwa hivyo itambana wakati wa joto, kaskazi ikivuma. Mjamzito asipimwe kwa pete ya kudumu, asubiri ajifungue. Mkanda mpana, milimita 6 na zaidi, uongezewe nusu saizi.

Ukitaka iwe siri, chukua pete anayoivaa na uikandamize kwenye kipande cha sabuni, alama itoke kamili, kisha uirudishe mahali pake. Tuletee sabuni hiyo ikiwa kavu, na ukumbuke alikuwa anaivaa kidole gani na mkono upi, maana kidole cha pete cha kulia na cha kushoto aghalabu vinapishana nusu saizi.