Kwa wanangu wa kamati ya chumba cha vitabu, mwaloni Kigoma

Wanangu, salamu. Juzi nilipita pale saa 11 jioni nikakuta kufuli. Mlangoni mmebandika karatasi: saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hivi mnamfungulia nani?

Saa 2 mvuvi ndiyo kwanza amelala, amekesha ziwani. Mkewe yuko kwenye chanja anageuza dagaa. Akizubaa mvua ikanyesha, mtaji umekwenda. Watoto wako shule. Mnabaki nyinyi na mende.

Ombi langu ni hili: fuateni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mbalamwezi ikishawaka taa hazifui dafu, vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinapumzishwa, wanaume wanashinda ufukweni wakishona nyavu na kucheza bao. Siku hizo fungueni jioni, mpaka usiku. Ziwa lilipofungwa mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, watu walikaa miezi 3 hawana la kufanya, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyesema basi tuwasomeshe.

Mama yangu alijulia kusoma kwenye kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Walikaa chini ya mwembe, jioni, kazi ya kukamua mawese ikishaisha. Vidole vilikuwa na mafuta bado, chaki ikamteleza, herufi “m” ikatoka kama mtumbwi uliopinduka. Alicheka mwenyewe hadi machozi. Mwalimu hakumwambia akanawe kwanza.

Nasikia vitabu vipya mmevifungia kabatini visichafuke. Vitoeni. Kikirudi kinanuka dagaa, kipanguseni mumpe mwingine. Na yule kijana wenu anayesema vitabu vya shule vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, hakukosea, ila bando si bure, na wengi hapa mwaloni wana kitochi.

Mkishindwa kupata mtu wa zamu ya usiku, niiteni. Usingizi wa uzee wenyewe haba. Taa yangu ya sola ipo, betri nzima; njooni muichukue kabla mwezi haujajaa.

Babu yenu