Watafiti wachanga wa Ziwa Tanganyika wapewe mwaka mmoja ndani ya ofisi za maamuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakubwa wanaogawa fedha za utafiti, na pia na vijana wenzangu wa shahada za uzamili na uzamivu tunaozunguka kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika, yaani sehemu za ufukweni samaki wanakoshushwa, na rula na daftari mkononi.

Aprili 2024 nilihudhuria mkutano kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya mji wa Kigoma. Wananchi walikuwa wanaandaliwa: nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi, na upande wetu ziwa lingefungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Tulikaa chini ya mwembe, wengine juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Mama mmoja muanika dagaa akasimama, kanga kaifunga kiunoni, mikono bado ina magamba. Akauliza: "Kwa nini miezi mitatu, isiwe miwili? Na kwa nini ianze Mei? Mwezi wa saba shule zinafunguliwa, mimi michango ya watoto nitaitoa wapi?" Afisa aliyekuwa mbele akajibu kwamba hayo ni maelekezo na yameshatoka. Mama akakaa. Mkutano ukaendelea na ajenda nyingine.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na sehemu ya jibu nilikuwa nayo. Kuanzia Mei upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Rutuba hiyo huotesha mwani mdogo usioonekana kwa macho, mwani huliwa na vidudu vya majini, na vidudu hivyo ndivyo chakula cha dagaa; kupumzisha uvuvi miezi hiyo ni kuwaacha dagaa wakati chakula chao kinaongezeka. Maelezo hayo yangenichukua dakika tano. Sikuyasema, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi tu, sikuitwa kama mtaalamu, na kumkatiza afisa mbele ya watu nisingeweza. Lakini kuna sababu ya pili ambayo inaniuma zaidi. Swali la michango ya watoto sikuwa na la kulijibu. Nilijua habari za upepo. Jinsi uamuzi wenyewe ulivyopimwa, nani aliupima na kwa hesabu gani, sikujua lolote.

Mhariri, swali lile nimelibeba mpaka leo, na kadiri ninavyoligeuza ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sisi watafiti wachanga na ofisi za serikali tunaishi kama watu wa ng'ambo mbili za ziwa. Taa za wenzetu tunaziona usiku, lakini hatuvuki.

Nitoe mfano. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake kuhusu ziwa letu hili. Walieleza kwamba maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua nguvu, kwa hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina oksijeni. Rutuba ikizama huko na isipandishwe, huku juu kunakuwa na njaa. Kwa makadirio yao uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwa samaki hiyo ilimaanisha kupungua kwa asilimia 30 hivi. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Nimewauliza wavuvi wazee wa Ujiji na Katonga, nimewauliza viongozi wa vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, na sijampata aliyewahi kuelezwa. Wao wanaambiwa tatizo ni makokoro na nyavu za matundu madogo. Ni kweli makokoro yanaharibu, nimeyaona kwa macho. Lakini kama joto nalo linapunguza samaki, mvuvi anayetii sheria zote ana haki ya kujua kwa nini kipe chake, yaani chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, kinarudi alfajiri na nusu ya alichokuwa anapata baba yake. Na halmashauri inayotegemea ushuru wa samaki ina haki ya kujua mapema zaidi.

Dagaa wetu huishi takribani mwaka mmoja tu. Makala ya kisayansi, tangu kupima hadi kuchapishwa, inaweza kula miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo maamuzi kuhusu dagaa hayawezi kusubiri karatasi zetu. Yanahitaji mtu aliye mezani siku yanapofanyika.

Nilipomaliza tasnifu yangu niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi moja ya umma, kurasa 140 za Kiingereza, ndani ya bahasha ya kaki. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya miezi mitano nilirudi kwa shughuli nyingine nikaiona bahasha ile kwenye rafu, gundi yake haijaguswa. Sikumlaumu mwenye ofisi. Yule bwana anasimamia leseni, ushuru, doria, migogoro ya mipaka ya mialo na taarifa za kila robo mwaka. Asome kurasa 140 saa ngapi? Na angezisoma, angekutana na pendekezo langu kwamba idadi ya vipe ipunguzwe. Sentensi hiyo niliiandika kwa dakika moja. Sikuwa nimejua kwamba leseni hizo hutolewa na halmashauri, na kwamba kila kipe kinachoondolewa kinaacha pengo kwenye mapato ambayo yameshapangiwa matumizi. Hilo nililifahamu baadaye, kwa kuelezwa na mhasibu mmoja tukisubiri basi.

Wenzetu wamelitafutia dawa jambo hili. Marekani, tangu 1973, shirika lao la kuendeleza sayansi huwapeleka watafiti wenye shahada za uzamivu kukaa mwaka mmoja ndani ya Bunge na wizara. Walianza na watu saba tu. Mtu wa kemia au wa wadudu anakaa ofisi ya mbunge, anaandaa maswali ya kamati, anasoma muswada, anaeleza ripoti kwa lugha ya kawaida. Kwa wanafunzi na wahitimu wapya, Akademia za Taifa za huko zilianzisha mwaka 1997 mpango wa wiki 12. Bunge la Uingereza nalo lina ofisi yake ya sayansi na teknolojia tangu 1989, ambako mwanafunzi wa uzamivu huacha maabara kwa miezi mitatu, akahoji wataalamu wa pande zote, kisha akaandika muhtasari wa kurasa nne hivi kwa ajili ya wabunge. Kurasa nne! Mimi nimefundishwa miaka sita chuoni na hakuna hata siku moja niliyoambiwa nieleze kazi yangu kwa kurasa nne ambazo diwani wa Kata ya Kibirizi angezisoma akamaliza.

Uingereza wana jambo jingine ninalolipenda zaidi. Mtafiti anaunganishwa na mbunge au mtumishi wa serikali. Mtafiti anakwenda Bungeni wiki nzima kuona kazi inavyokwenda, kisha mwenzake naye anamfuata maabara. Hebu fikiria mjumbe wa kamati ya Bunge au mkurugenzi wa halmashauri akilala usiku mmoja kwenye kipe, siku za giza, taa zinawaka juu ya maji, wavu unapandishwa saa tisa usiku na ndani yake mna ndoo mbili. Atajifunza jambo ambalo hakuna jedwali la kumfundisha.

Sisemi tuchukue mipango yao kama ilivyo. Sisi tuna Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, na kuishauri serikali ni kazi yake kisheria. Tuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, yenye kituo hapa hapa Kigoma. Vyuo vikuu vinavyotoa uzamili na uzamivu vipo. Watu wa kuanzia wapo. Kinachokosekana ni mlango. Ombi langu ni kwamba kila mwaka watafiti wachache, hata kumi kwa kuanzia, wapewe mwaka mmoja wenye posho ya kueleweka, wakae kwenye ofisi zinazoamua. Wengine waende Dodoma, kwenye wizara na kamati za Bunge. Lakini nasisitiza: angalau nusu yao wabaki mikoani, kwenye sekretarieti za mikoa na halmashauri. Mkoa wa Kigoma una watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2022, na maamuzi yanayowagusa asubuhi hadi jioni hufanyika kwenye baraza la madiwani. Huko ndiko mtafiti hajawahi kupewa kiti.

Najua yatakayosemwa. Kwamba nafasi zitaliwa na wenye ndugu wakubwa. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, nami ninayo. Ndiyo maana maombi yatangazwe wazi, usaili ufanywe na jopo lenye watu wa vyuo na wa serikali, na majina ya waliochaguliwa pamoja na kazi watakazofanya yabandikwe hadharani. Watasema pia kwamba kijana atageuzwa tarishi, atumwe kudurufu na kuandaa vitabu vya wageni. Kwa hiyo kila ofisi iandike swali lake kabla hajafika: tunataka kujua hili, kwa ajili ya uamuzi huu, ifikapo mwezi fulani. Ofisi isiyo na swali isipewe mtu. Mwaka ukiisha arudi kwenye utafiti wake. Asibaki kule akawa mwanasiasa, maana tutakuwa tumepoteza mpimaji wa dagaa na hatukupata daraja.

Wapo walezi wetu vyuoni wanaoona mwaka nje ya maabara ni mwaka uliopotea. Ninawaheshimu, wamenifundisha kila nilichonacho. Lakini pendekezo langu la vipe lilipita kwenye jopo la watahini bila mtu kuniuliza leseni hutolewa na nani.

Gharama? Posho za watu kumi ni fedha halisi, sitadanganya. Ila kufunga ziwa miezi mitatu nako kuna gharama, na iliyobebwa na waanikaji haikuandikwa kwenye bajeti yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye mwalo ule. Safari hii nilikuwa na kurasa nne za Kiswahili, nimeziandika mwenyewe usiku, zenye habari za upepo, joto la maji na umri wa dagaa. Yule mama bado anaanika palepale, kwenye vichanja vya tatu kutoka majini. Alinawa mikono kwanza, akakaa juu ya ndoo, akasoma mpaka mwisho huku anafuatisha mistari kwa kidole. Kisha akanirudishia karatasi akasema, "Hapa nimekuelewa, mwanangu. Sasa niambie, sisi tukifunga, wenzetu wa ng'ambo ile wanahesabiwa na nani? Na wakati tumefunga, sisi tusio na leseni ila vichanja, tumeandikwa wapi?"

Nimeyaandika maswali yake yote mawili kwenye daftari. Majibu yamo kwenye mafaili ya ofisi ambazo mtu kama mimi hufika mapokezi tu, akaacha bahasha na kuondoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafiti mchanga wa uvuvi,
Ujiji, Kigoma