Eneo la The Lion King lisiisahau Afrika Mashariki

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu mpango wa Disneyland Paris, uliotangazwa mwaka 2024, wa kujenga eneo jipya la filamu ya katuni The Lion King. Naunga mkono bustani za burudani kutumia filamu hizi, kwani mtoto huingia kwa hamu zaidi katika hadithi anayoifahamu.

Ninachohofia ni filamu kuifunika nchi halisi. Huko Epcot, bustani ya Disney iliyoko Florida, Marekani, banda la Norwei lilikuwa na safari ya mashua iliyosimulia ngano na bahari ya nchi hiyo. Ilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2016 nafasi yake ikachukuliwa na safari ya filamu ya katuni Frozen, ambayo ufalme wake ni wa kubuni. Ni hasara kubwa, hasa kwa mtoto ambaye hatafika Norwei maishani.

Simba, Rafiki na Pumbaa wa The Lion King wana majina ya Kiswahili. Basi wasimamizi wa mradi wa Paris wawashirikishe wataalamu wa lugha na wasanii wa Afrika Mashariki tangu sasa, ujenzi ukiendelea, na watenge sehemu ya kuonyesha mbuga na watu wetu walivyo.

Msomaji,
Mombasa