Familia moja, tarehe tatu za kliniki

Ndugu Mhariri,

Nyumbani kwetu Pasua, hapa Moshi, kuna kadi tatu za CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye virusi vya UKIMWI: yangu, ya mume wangu na ya mwanetu wa kidato cha pili. Kila kadi ina tarehe yake. Mwezi uliopita mimi nilikwenda Jumanne, kijana Alhamisi, baba yake wiki iliyofuata. Mume wangu ni bodaboda. Siku akishinda kwenye benchi la kliniki, hesabu ya mwenye pikipiki iko pale pale. Kijana anakosa vipindi, na akirudi shuleni anaulizwa alikuwa wapi.

Hayo tumeyazoea. Linaloniuma ni jingine. Mwanangu alijua hali yake akiwa na miaka 12, nami sikuwepo. Nilimtuma na shangazi yake, kwa kuwa ruhusa ya kazini nilikuwa nimeimaliza kwenye tarehe yangu. Kipimo kilionyesha wingi wa virusi umepanda. Mhudumu wa zamu, mgeni kwetu, akamgombeza: "Kwa nini unachezea dawa na unajua una virusi?" Hakuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia ni dawa za kifua. Alipofika nyumbani alifungua kopo lake, akatoa pamba niliyokuwa naijaza humo ili vidonge visisikike kwenye begi, akaiweka mezani mbele yangu. Hakusema neno.

Kuchelewa kumwambia ni kosa langu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake, kidogo kidogo kadiri anavyokua. Lakini ningeanzia wapi, wakati anayenihudumia mimi hamfahamu mwanangu, na anayemhudumia mwanangu hajawahi kuniona?

Tarehe 1 Februari 2023, pale Dar es Salaam, nchi 12 za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi kumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo 2030. Na katika hospitali ya KCMC ipo kliniki ya familia inayomweka mtoto katikati. Naomba mpango wa namna hiyo ushuke hadi kwenye vituo vya afya na zahanati zetu. Mafaili ya nyumba moja yakae pamoja, tupewe tarehe moja, na ikiwezekana iwe Jumamosi. Mhudumu mmoja atufahamu wote. Vijana nao wapate muda wa kukaa na wenzao waliokulia kwenye dawa, maana yapo maswali ya uchumba na ndoa ambayo mwanangu hataniuliza mimi hata siku moja.

Nasema nyumba nzima, hata asiye na virusi. Nilipopata mimba ya binti yangu mdogo, tayari nilikuwa natumia dawa. Bila dawa, hatari ya mama kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45. Kwa huduma kamili inashuka chini ya 5. Alipimwa akiwa na wiki sita, akapimwa tena baada ya kuacha kunyonya: hana. Sasa ana miaka minane, na kila saa mbili usiku ndiye anayemkumbusha kaka yake vidonge. Juzi ameniuliza ni vya nini. Nimemwambia nitamweleza, na safari hii sitaki kudanganya wala kuwa peke yangu.

Mama wa watoto wawili,
Pasua, Moshi