Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka kuutafiti ugonjwa wa Alzheimer hapa Dar es Salaam

Wanangu,

Mapendekezo yenu ya utafiti nimeyasoma, na yamenikasirisha. Karibu kila moja linaanza na protini za ubongo, likaomba vipimo vya damu na mashine za picha, kisha kwenye ukurasa wa mbinu linaweka mstari mmoja tu: washiriki watapimwa kumbukumbu kwa dodoso la kimataifa lililotafsiriwa. Basi. Mstari huo ndio unaoharibu kazi nzima.

Chukueni kipimo cha kuchora saa. Mzee anapewa karatasi, anachora duara, anaweka namba, kisha anaambiwa mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Waliokitunga kipimo walitaka mshale mfupi uende kwenye 11. Mzee wa Temeke akisikia saa kumi na moja anaupeleka kwenye 5, maana ndivyo alivyosoma saa maisha yake yote. Amepatia, na fomu yenu inamwandikia amekosa. Mngesema saa tano na dakika kumi mshale ungefika kwenye 11 bila tabu. Mtu aliyeshindwa kuliona hilo hakukaa na mzee hata mmoja kabla ya kuchapa fomu.

Na hilo ni dogo. Bibi wa Mbagala ambaye hajawahi kushika penseli mnamtaka achore maumbo. Mnamtaka atoe 7 kwenye 100 na kuendelea kushuka, ataje herufi za neno kuanzia mwisho. Mnamuuliza majira ya mwaka, na majibu mliyoandaa ni ya Ulaya, wakati yeye anajua masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Alama zake zikiwa chini mnaandika dimensia, yaani kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa ugonjwa, ambao Alzheimer ndiyo chanzo chake kikuu. Mmepima miaka aliyokaa darasani! Kosa hilo likishaingia kwenye takwimu, damu yake hata mkiipima kwa mashine ya bei gani, mtakuwa mnalinganisha wagonjwa ambao si wagonjwa.

Mfano mzuri uko nchini mwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 walichunguzwa watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi: kwanza mchujo nyumbani, kisha, kwa baadhi yao, uchunguzi kamili wa daktari. Kazi ya huko ikazaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichodai kalamu. Mzee anakumbuka orodha ya maneno 10, anataja wanyama kwa dakika moja, anaeleza daraja ni nini, anapanga njiti nne za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Alama ni 15. Akipata 7 au chini ya hapo, anahitaji uchunguzi zaidi. Msimwandikie ugonjwa papo hapo.

Kisha zungumzeni na anayeishi naye, na mara nyingi dada wa kazi anajua mengi kuliko mtoto anayekuja Jumapili. Ulizeni mambo yanayoonekana: bado anapika bila kuunguza, anahesabu chenji, anarudi mwenyewe kutoka sokoni? Yalianza lini, na yanazidi? Bila mabadiliko kutoka hali yake ya zamani na bila shughuli zake za kila siku kuathirika, hakuna dimensia. Hakikisheni amevaa miwani yake na anasikia. Kama anaongea Kimakonde vizuri kuliko Kiswahili, tafuteni wa kumhoji kwa Kimakonde.

Mengine nayataja haraka. Msimpime mtu mwenye homa au maambukizi ya mkojo, kwa sababu huenda amechanganyikiwa kwa muda tu. Pimeni vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU na sukari, maana hayo nayo yanaweza kuvuruga kumbukumbu. Ulizeni kama alianguka na kugonga kichwa, kwani damu inaweza kujikusanya polepole na kuukandamiza ubongo. Angalieni dawa anazomeza: amitriptyline, dawa ya sonona na maumivu ya neva, peke yake inaweza kumsahaulisha mzee.

Damu ya kupima p-tau217, protini inayoashiria Alzheimer, izungushwe mapema kwenye mashine ya kuitenganisha, plazma (majimaji yake) igawanywe kwenye vichupa vya polipropilini na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika bila jenereta, sampuli zenu zimeisha. Pimeni figo pia, maana figo zikidhoofika namba hiyo hupanda hata pasipo Alzheimer.

Kuhusu dawa mpya, msiwadanganye watu. Lecanemab, inayoondoa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, ilijaribiwa kwa watu 1,795 wenye ugonjwa wa mapema kwa miezi 18. Kuzorota kulipungua kwa asilimia 27 ukilinganisha na waliopewa dripu isiyo na dawa. Kwenye kipimo cha alama 18 tofauti ilikuwa 0.45. Katika jaribio hilo iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, na picha ya ubongo ya MRI inarudiwa kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, hasa kwa wenye nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer. Ni hatua kubwa ya sayansi. Kwa mgonjwa wa Mbagala leo, kushusha shinikizo la damu na kupata kifaa cha kusikia viko karibu zaidi.

Na wagonjwa wetu hawaji mapema. Mama anapotea Kariakoo, watu wanasema ni uzee. Akimtuhumu mkwe kwamba kamwibia, wanasema kalogwa au yeye ndiye mchawi. Nchi hii imeua vikongwe kwa tuhuma hizo. Wengine tunawafungia vyumbani ili majirani wasione, na sisi watu wazima tunaojua tunanyamaza. Ndiyo maana nawataka ninyi muingie kwenye nyumba hizo, na mkiingia msiwe wachukuaji wa damu tu.

Kwenye bajeti wekeni nauli ya mgonjwa na ya anayemleta, siku ya kurudisha majibu nyumbani, na kliniki itakayompokea mradi ukiisha. Pendekezo lisilo na mistari hiyo mitatu nitalirudisha kwa mwenyewe.