Hata Akija Mtoto Mmoja: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wazazi, Mwanza

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na habari za matawi anazo katibu. Mimi nitashughulika na jambo moja lililokula muda mwingi wa vikao vya mwaka huu: chama chetu kisimame wapi katika mjadala wa chanjo za watoto. Mbele yenu ziko hoja mbili. Ya kwanza inataka tuiombe serikali izuie mtoto asiyekamilisha chanjo kuandikishwa shule ya awali. Ya pili inataka tudai kila zahanati ifungue kichupa cha chanjo ya surua hata akija mtoto mmoja. Kamati inapinga ya kwanza na inaunga mkono ya pili.

Walioleta hoja ya kwanza wametaja nchi za nje, na hawakukosea. California ilifuta msamaha wa imani binafsi, ulioruhusu mtoto kuingia shule bila chanjo, mwaka 2015, baada ya mlipuko wa surua ulioanzia Disneyland mwezi Desemba 2014. Italia ilifanya chanjo kumi kuwa za lazima mwaka 2017. Ujerumani ina sheria ya kulazimisha chanjo ya surua tangu Machi 2020. Lakini huko kliniki ina chanjo kila siku, na mara nyingi mzazi ambaye mtoto wake hana chanjo ni mzazi aliyekaa akaamua. Kwetu mara nyingi ni mama aliyetoka Kayenze au Igombe na mtoto mgongoni, akaambiwa arudi Jumatano, akarudi, akaambiwa chanjo imeisha. Ukimfungia shule mtoto huyo umemwadhibu kwa sababu ya jokofu la watu wengine.

Tena kufuli hilo linakuja usiku umeshaingia. Shule ya awali inampokea mtoto wa miaka mitano hivi, ilhali surua huua zaidi walio chini ya umri huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inaitaja chanjo ndani ya matibabu ambayo mtoto anastahili kutoka kwa mzazi wake, sambamba na chakula, malazi na mavazi. Wajibu huo tunaukubali. Ila mzazi hawezi kutimiza wajibu kwa chanjo isiyofunguliwa.

Ndipo tunafika kwenye kichupa chenyewe. Chanjo ya surua na rubela hufika ikiwa unga mkavu, dozi kumi kwa kichupa, pamoja na maji yake ya kuchanganyia. Ikishachanganywa haina kitu cha kuzuia bakteria, kwa hiyo inatupwa zikipita saa sita tangu ichanganywe au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni hivyo hivyo, na kichupa chake kina dozi ishirini. Hapa hatutaki mtu alegeze kamba: chanjo ya surua iliyochanganywa na kulazwa hadi kesho imewahi kuua watoto katika nchi kadhaa. Sasa mtazameni nesi. Wamekuja watoto watatu. Akifungua, dozi saba zinamwagwa, na mwisho wa mwezi taarifa yake itaonyesha upotevu wa asilimia 70. Anahofia kuulizwa, na anahofia kuishiwa kabla ya mgao ujao. Anawaambia warudi siku watakapojaa. Wanachama wanaosema manesi wana roho mbaya wanakosea mlango.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi iliyomwagwa ina bei ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Mgonjwa mmoja wa surua, kwa watu wasio na kinga, huambukiza kati ya 12 na 18, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ili ugonjwa usipate njia, takriban watu 95 katika kila 100 wawe na kinga. Dozi ya miezi 9 hulinda watoto wapatao 85 kati ya 100. Haitolewi mapema zaidi katika ratiba ya kawaida kwa kuwa kinga waliyoazimwa na mama bado inaipinga chanjo. Wale 15 waliobaki wanasubiri dozi ya miezi 18, na hiyo ndiyo inayosahaulika kuliko zote: mtoto anatembea, anakula ugali, kliniki imeshakuwa habari ya jana.

Hoja ya pili haitafanya kazi bila hesabu ya kuagiza, na hapo ndipo kamati inataka wawakilishi wetu kwenye kamati za usimamizi wa zahanati wakazanie. Kituo kinachotarajia watoto 40 kwa mwezi, na kinachojua kwamba nusu ya dozi humwagwa, kiagize dozi 80, yaani vichupa 8. Kikiagiza 4 kwa sababu watoto ni 40, kitaishiwa katikati ya mwezi na nesi ataanza tena kuwarudisha watu. Gawanya moja kwa sehemu inayotumika: upotevu wa nusu, zidisha kwa 2, upotevu wa robo, zidisha kwa 1.33. Kituo chenye watoto wachache kinaweza pia kuwa na daftari la wanaosubiri lenye namba za simu, wakaitwa siku moja. Lakini daftari ni la kupunguza upotevu, lisigeuzwe sababu ya kumrudisha aliyekwisha kufika.

Na msikubali kauli ya “rudini siku mtakapojaa” kwa chanjo zote. Penta (sindano moja ya magonjwa matano), PCV (ya nimonia), IPV (ya polio kwa sindano) na matone ya polio ni za maji tangu kiwandani. Kichupa kilichofunguliwa huweza kutumika hadi siku 28 iwapo kimeandikwa tarehe, kimekaa kwenye baridi yake, kizibo hakijazama majini na alama ya joto iko sawa. Ukiambiwa “wakijaa ndipo tufungue” kwa penta, uliza kwa upole: kitakachobaki si kitatumika kesho?

Kuhusu jokofu, tatizo linalotusumbua wengi hawalijui. Kila mtu anaogopa joto. Ni kweli joto huharibu matone ya polio na chanjo ya surua. Lakini penta, PCV, IPV, ya pepopunda na ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) huharibiwa na kuganda, na zikiyeyuka unaweza kuzitazama usione kitu. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8, kinaandikwa asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Makosa mawili hujirudia. Vichupa vinasukumwa hadi kugusa ukuta wenye barafu. Na siku ya huduma ya mkoba, chanjo inapowafuata watoto walipo, pakiti za barafu zinatoka kwenye friza na kuingia moja kwa moja kwenye sanduku la chanjo, wakati zinatakiwa ziachwe mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Alama ya joto iliyo kwenye kichupa haitakusaidia hapa: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara la nje chanjo imekufa kwa joto, lakini alama hiyo haijui lolote kuhusu kuganda. Mwenye shaka afanye jaribio la kutikisa, ila si kwa IPV, kwa kuwa hiyo haipimwi hivyo. Kichupa kimoja cha aina ile ile na toleo lile lile kinagandishwa kwa makusudi, kinayeyushwa, kinatikiswa pamoja na kinachoshukiwa, kisha vyote vinawekwa mezani kwa nusu saa. Kinachoshukiwa kikituama haraka kama kile kilichogandishwa, kitupwe. Kazi hii ni ya mtoa huduma. Yetu ni kuomba kuona karatasi ya vipimo vya joto, na wajumbe wetu wana haki ya kuiomba.

Visiwani mambo yana kalenda yake. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukipevuka uvuvi unasimama na kambi zinapungua watu, wengine wakirudi makwao. Ratiba ya mkoba iliyopangwa “Jumanne ya kwanza ya mwezi” inaweza kukuta vichanja vya kuanikia dagaa na mbwa wawili. Tumependekeza kwa waratibu wa chanjo kwamba safari za Ukara, Irugwa, Kome na Maisome zipangwe kwa kufuata giza, ziondoke alfajiri kabla ya upepo wa mchana, na kiongozi wa mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, apewe taarifa siku tatu kabla. Mtoto wa kambini huchanjwa Sengerema leo na Ukerewe mwezi ujao, kwa hiyo kadi ya kliniki isafiri naye kwenye mfuko wa nailoni, na mama aipige picha kwa simu. Kadi ikipotea, kituo cha kwanza kina rejesta.

Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, na kati ya dozi na dozi ziwe angalau wiki nne. Mafua, kikohozi, kuhara kidogo au uzito mdogo si sababu ya kumnyima. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye surua inamtaka zaidi.

Sasa wenye mashaka. Wapo humu ndani, ni wanachama waliolipa ada, na sitaki kusikia mtu akiwaita wajinga. Mwaka 1998 Andrew Wakefield alichapisha makala iliyohusu watoto 12 tu, akiihusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida lenyewe liliifuta Februari 2010, na Mei mwaka huo yeye akafutwa kwenye rejesta ya madaktari Uingereza. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia watoto 657,461 na haukuona uhusiano huo. Hilo nalihesabu limekwisha. Lakini si kila shaka ya mzazi ni ya Wakefield. Huko Marekani chanjo ya RotaShield, ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota, iliondolewa mwaka 1999, baada ya kuonekana kwamba iliongeza hatari ya sehemu ya utumbo kuingia ndani ya nyingine kwa watoto wachache. Iligunduliwa kwa sababu taarifa za maudhi zilikusanywa na watu wakazisoma.

Samoa inatufundisha pande zote mbili. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa baada ya manesi kuchanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Wazazi walikuwa na haki ya kudai uchunguzi. Kilichoharibu ni kwamba chanjo ilisimamishwa kwa miezi mingi huku uvumi ukijaza nafasi ya majibu. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia na kuua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo, mnapomwomba nesi afungue kichupa, ombeni pia kuona maandishi ya maji ya kuchanganyia: yawe ya kiwanda kile kile, na yamepoa kama chanjo yenyewe kabla ya kuchanganywa.

Ya HPV imeleta maneno kuliko zote. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwanzoni, mwaka 2018, zilikuwa mbili. Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake nchini. Ndani ya chanjo kuna ganda la protini lisilo na kinasaba cha kirusi, kwa hiyo haliwezi kuambukiza, wala haligusi uzazi. Inatolewa mapema kwa kuwa haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Tatizo la shuleni ni jingine: binti hajala tangu asubuhi, amesimama foleni juani, anaona sindano, anaanguka. Anayemfuata naye anaanguka. Jioni habari imeshafika Igoma kwamba watoto wamepewa sumu. Dawa yake ni uji kabla ya sindano, kuchanjwa wakiwa wamekaa, faragha mbali na foleni, na dakika 15 za kupumzika. Barua kwa wazazi itangulie wiki moja. Mzazi anayeshtukizwa huwa mkali, na kwa hilo simlaumu.

Kwa watoto wachanga: homa ya siku moja au mbili na paja kuvimba ni kawaida. Baada ya chanjo ya surua homa au vipele vinaweza kuja siku ya 7 hadi ya 12. Kidonda cha BCG hutokea baada ya wiki chache na kuacha kovu. Kiachwe kikavu, bila dawa ya kienyeji wala ya dukani. Mtoto asiondoke kituoni kabla ya nusu saa. Degedege, kupumua kwa shida, kulia saa tatu mfululizo au kulegea ni kurudi kituoni papo hapo, na tukio lijazwe kwenye fomu inayokwenda TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kituo kikisita kuijaza, mtumieni katibu jina la kituo, tarehe na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kadi.

Kura itapigwa baada ya chai, hoja moja moja, kwa kunyoosha mkono. Waliokuja na kadi za watoto waziache mezani kwa katibu sasa hivi. Ambao dozi ya miezi 18 haijajazwa wataandikwa majina na kata, ili tujue Jumatatu tunaanzia zahanati ipi.