Barua kwa Yusufu: senti kumi yako ya mwaloni

Kisenyi, Kampala

Kwako Yusufu,

Asalaam aleikum, na salamu kwa mama watoto na jamaa wote wa Kalangala. Mzigo wako umefika salama, ile senti kumi ya Afrika Mashariki yenye jina la Mfalme Edward wa Nane uliyoiokota mchangani hapo mwaloni, pwani ya ziwa mnapotia mitumbwi. Kijana aliyevuka na meli ya asubuhi kanikabidhi mkononi, umefungwa kwenye karatasi ya daftari kama ulivyosema. Niseme mapema usije ukakaa roho juu: sarafu ni halali. Milioni hakuna.

Hizo milioni najua zilikotoka. Mjukuu wako kasoma kwenye simu kwamba sarafu ya Mfalme Edward wa Nane iliuzwa pauni milioni moja. Hakudanganywa, habari hiyo ilitoka Januari 2020. Lakini ile ni ya dhahabu, ina sura ya mfalme, na haikuwahi kutolewa kwa matumizi. Edward alishika ufalme Januari 1936, na tarehe 11 Desemba mwaka huohuo akauacha, hajavikwa hata taji, kwa ajili ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Sarafu za Uingereza zilizochongwa sura yake zikabaki za majaribio. Zetu za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura. Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, na penye tundu kichwa cha mtu hakikai. Waliweka taji na jina, upande wa pili pembe za ndovu. Basi zikapigwa kwa mamilioni kwa jina lake na watu wakazitumia madukani. Leo wakusanyaji huuziana kwa dola chache. Huyo dalali aliyekuambia umpelekee Entebbe "akutafutie mteja" atakula nauli yako tu.

Na yule mzee wa mwaloni anayeshikilia kwamba ni pesa ya Waarabu wa zamani za Kabaka Ssuuna, mfalme wa Buganda, mwache na heshima zake, ila mwambie hivi: Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alifika Buganda mwaka 1844, na biashara ya wakati ule ilikwenda kwa simbi (makombe madogo ya baharini), vitambaa, bunduki na pembe. Sarafu za Mwingereza zenye tundu zilianza kuonekana huku mwaka 1907. Tundu peke yake linakata kesi.

Mjukuu naye, kabla ya kuiota milioni, alidai ni feki kwa sababu imeandikwa EDWARDVS, yaani aliyeichonga hakujua kuandika. Hicho ni Kilatini, V inasimama mahali pa U. Ingekuwa na U ndipo ningeshtuka.

Sasa nikueleze nilivyoikagua, maana najua utaulizwa hapo mwaloni. Kwanza nilisogeza sumaku, haikushtuka. Bronzi haivutwi, feki nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kisha nikaiweka kwenye mizani ya dhahabu pamoja na senti kumi ya George wa Tano niliyonayo kwenye droo ya saa mbovu. Zinakaribiana, yako imepungua kidogo, na ndivyo inavyotakiwa kwa kitu kilichosuguliwa na mchanga. Baadaye nikavaa lenzi yangu ya saa. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huacha vitundu vya mapovu usoni, herufi huwa za mviringo kama zimeyeyuka, na ukingoni utakuta mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Yako ukingo ni laini kotekote, na pale chini ya taji ambapo mchanga haukufika, herufi bado zina kona. Kuna pia H ndogo. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na senti kumi za mwaka ule zilipigwa huko, King's Norton na London. Kila kitu kinakaa mahali pake.

Ila tundu ndilo lililonikalisha. Igeuze sarafu upande wa pembe, ule ambao mjukuu hajausugua kwa ndimu (mwambie aache! upande wa taji sasa umekuwa wa waridi na hautarudi). Kuzunguka tundu utaona duara lililobonyea, pana kidogo kuliko tundu lenyewe, na ndani ya tundu kumeganda kutu ya kahawia. Bronzi haitoi kutu ya namna hiyo. Palikuwa na chuma hapo, msumari mnene au bolti, na kichwa chake ndicho kilichobonyeza lile duara. Nahisi senti kumi yako ilifanya kazi ya washa, kile kibati cha tundu kinachokaa chini ya kichwa cha bolti, kwenye ubao wa mtumbwi. Mtu hakupata washa dukani, au washa ilimshinda bei, akatumia kilichokuwa mfukoni. Mtumbwi ukaoza, chuma kikaliwa, sarafu ikabaki.

Hii inaeleza pia kwa nini uliiokota peke yake, wala si rundo. Maji ya Ziwa Victoria yalipopanda Mei 2020 hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita hata yale ya 1964, yalikwangua kingo zote za visiwa. Mbao zilizokuwa zimezikwa mchangani zilihama.

Mkusanyaji atasema lile duara limeiharibu. Mimi ningeitoa ya dukani, safi, nichukue hii.

Nakurudishia kwa kijana yuleyule, ndani ya bahasha ya karatasi. Usiitie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), unyevu utaishika humo. Ukijani ulioko ukingoni ni mgumu, haumung'unyuki, uache hivyohivyo. Ziwa letu ni la maji baridi. Ingekuwa imetoka bahari ya Mombasa, chumvi ingeendelea kuila kwa ungaunga wa kijani hafifu hata ukiwa umeifungia kabatini. Usiipake mafuta, usiipige brashi.

Kama mnaendelea kuokota, tafuteni florini ya fedha ya 1920, kwani ilidumu muda mfupi sana kabla ya shilingi. Au senti moja ya alumini ya 1907 na 1908, nyepesi mno, nyingi ziliharibika. Hizo nitazisikiliza bei.

Na uulizie kwa wazee mitumbwi ya zamani ilivunjiwa wapi, hasa ile iliyopigwa misumari badala ya kushonwa. Mkikuta ubao wenye senti nyingine imekaza, msiing'oe. Ukateni ubao, mniletee na msumari wake.

Ni mimi rafiki yako,
fundi saa wa Kisenyi